Wenye Sauti: Daftari la Safari

Los Angeles

Hollywood Boulevard ni barabara ambayo wageni huitembea wameinamisha vichwa. Nyota zimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, kila moja na jina lake, na kila mtu anamtafuta wake. Mimi nilimtafuta Snow White, nikampata bila taabu. Aliwekewa nyota mwaka 1987, filamu yake ilipotimiza nusu karne. Pembeni alisimama msichana aliyevaa gauni la bluu na njano, akipiga picha na watoto kwa malipo, na mama mmoja alikuwa akivutana naye bei. Nikaendelea kuitafuta nyota ya Adriana Caselotti. Haipo. Binti aliyechorwa kwa penseli ana nyota. Binti wa kuzaliwa aliyempa sauti hana.

Safari hii niliifunga kwa ajili ya jambo hilo. Katuni za ngano tumezitazama sote, na mabinti wake tunawajua kwa majina na kwa magauni. Nilitaka kuona nchi mbalimbali zinamfanyia nini mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni ili binti huyo afungue kinywa: analipwaje, jina lake linaandikwa wapi, na asante yake inamfikia lini.

Caselotti alizaliwa mwaka 1916 huko Bridgeport, Connecticut, katika ukoo wa waimbaji wenye asili ya Italia. Baba yake, Guido, alikuwa akifundisha uimbaji Los Angeles. Inasimuliwa kwamba mtu wa Disney alimpigia mzee huyo simu kumwuliza kama ana mwanafunzi mwenye sauti ya kitoto iliyofundishwa vizuri. Binti alikuwa anasikiliza kwenye simu ya pili ya nyumba hiyohiyo, akajitosa akaimba. Alilipwa dola 20 kwa siku, na jumla inayotajwa ni dola 970. Filamu ilipooneshwa kwa mara ya kwanza, tarehe 21 Desemba 1937, wachoraji na watunga muziki waliandikwa majina yao. Wenye sauti hakuandikwa hata mmoja.

Uzeeni mwenyewe alipenda kusimulia kwamba yeye na Harry Stockwell, aliyekuwa sauti ya mwana wa mfalme, hawakupewa tiketi za usiku ule. Mlangoni pa ukumbi wa Carthay Circle wakamwambia mkagua tiketi kwamba Snow White na mchumba wake ndio hawa, kisha wakapenya hadi ghorofani. Nilikwenda kuutafuta ukumbi huo. Ulibomolewa mwaka 1969 na mahali pake pana majengo ya ofisi, ya aina ile ambayo ukiipa kisogo umeshaisahau.

Mwaka 1938 wawili hao waliishtaki kampuni, wakidai sehemu ya mapato ya santuri zilizobeba sauti zao. Hawakupata kitu. Mwaka uliofuata Walt Disney alitunukiwa Oscar ya heshima kwa filamu hiyo: sanamu moja ya kawaida na nyingine saba ndogo, zimepangwa kwa kushuka kama ngazi. Shirley Temple, mtoto nyota wa enzi hizo, ndiye aliyemkabidhi. Picha ya tukio hilo inachekesha na kupendeza. Lakini sanamu zilikuwa nane, zote za mtu mmoja.

Caselotti alipata mstari mmoja tu katika The Wizard of Oz mwaka 1939, na baada ya hapo hakupata tena kazi kubwa ya filamu. Masimulizi ya kwamba Disney hakutaka sauti ile isikike pengine yapo mengi. Kampuni ilimkumbuka kila filamu ilipotolewa upya: akaitwa, akavaa, akaimba kidogo kwa ajili ya matangazo, akarudi nyumbani.

Burbank na Anaheim

Makao makuu ya Disney yako Burbank, nyuma ya uzio. Jengo la wakubwa lilichorwa na msanifu Michael Graves, na paa lake limebebwa na vibete wa Snow White, kila mmoja karibu urefu wa mita sita. Sita wamesimama kwenye mstari kama nguzo, na Dopey yuko juu yao, peke yake, chini ya pembe ya paa. Nilisimama pale nikawaza kwamba ni nadra kampuni kukiri waziwazi namna ile kwamba imebebwa na nani. Wenye sauti hawamo katika nguzo. Wao wako chini, uwanjani.

Mtu wa kawaida haingii humo. Niliingia na msafara wa klabu ya mashabiki wao. Mbele ya jengo kuna uwanja wa watu waliopewa heshima iitwayo Disney Legends, ambayo ilianza mwaka 1987. Sanamu ya tuzo yenyewe ni mkono wa Mickey ulioshika kijiti chenye nyota. Kwenye nguzo za uwanja yamebandikwa mabamba ya shaba, mengi yana alama za viganja na saini. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mchangamfu aliyekimbilia kwa majina makubwa; mimi nilibaki nyuma kufanya hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Caselotti alipewa heshima hiyo mwaka 1994, miaka 57 baada ya filamu yake, na alifariki Januari 1997. Ilene Woods, sauti ya Cinderella wa mwaka 1950, aliingia mwaka 2003: alisubiri miaka 53. Mary Costa, aliyekuwa Aurora katika Sleeping Beauty ya mwaka 1959, aliingia mwaka 1999, miaka 40. Kisha inakuja siku ya mwezi Agosti 2011, kwenye maonyesho ya mashabiki mjini Anaheim, walipotunukiwa watano kwa mpigo: Jodi Benson wa Ariel, miaka 22, Paige O'Hara wa Belle, miaka 20, Linda Larkin na Lea Salonga wa Jasmine, miaka 19, na Anika Noni Rose wa Tiana, miaka miwili tu.

Kutoka miaka 57 hadi miwili. Mtu anaweza kusema wakubwa wamekuwa waungwana zaidi. Mimi nadhani kuna sababu nyingine, na nitazieleza, lakini kwanza hao watano wanastahili maneno.

Larkin na Salonga ni mtu mmoja kwenye skrini. Larkin anaongea, na alitakiwa kuishusha sauti yake ambayo kwa asili iko juu. Salonga, mzaliwa wa Manila, anaimba. Salonga alikuwa tayari na tuzo ya Tony ya mwaka 1991 kwa Miss Saigon, mwanamke wa kwanza kutoka Asia kuipata. Mtazamaji hasikii mshono. Kugawana binti hivi ni jambo la zamani: Italia ilipomtia Snow White sauti ya Kitaliano mwaka 1938, Rosetta Calavetta aliongea na Lina Pagliughi, mwimbaji wa opera, akaimba. Kwa hiyo ukisema umpe heshima mwenye sauti, wakati mwingine inabidi uandae viti viwili. Ukimhesabu na mwanamke aliyecheza mbele ya kamera ili wachoraji waige mwili wake, kama Marge Champion kwa Snow White, viti vinakuwa vitatu.

O'Hara alikuwa na kawaida ya kuondoa nywele usoni wakati akirekodi. Wachoraji waliiona, wakampa Belle unywele ule usiotulia. Rose alitumia mkono wa kushoto tangu utotoni, akaomba Tiana naye awe hivyo, na Tiana anakoroga sufuria kwa mkono wa kushoto. Ndiye binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Muda mfupi kabla ya filamu ya Tiana kutoka mwaka 2009, Rose alikuwa Botswana akiigiza katibu Grace Makutsi katika The No. 1 Ladies' Detective Agency. Sikuona jambo hilo likitajwa popote pale uwanjani, na kwa mtu aliyetoka upande wetu wa bahari ni jambo la kutajwa.

Sasa sababu. Ya kwanza ni kwamba kuanzia mwaka 1989 kampuni ilianza kuwachukua waimbaji wa jukwaani New York, watu wenye majina na mawakala. Howard Ashman, aliyeandika mashairi ya nyimbo za The Little Mermaid, alimjua Benson tangu onyesho lao la Smile la mwaka 1986. Huyu hakuwa binti wa mwalimu aliyeokotwa kwenye simu.

Ya pili ni kanda ya video. Wale waliorekodi miaka ya 1950 walilipwa kwa ajili ya filamu ya sinema, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja kila sebule itakuwa na sinema yake. Kanda zilipoanza kuuzwa kwa mamilioni katika miaka ya 1980, wenye sauti waliamka. Peggy Lee, aliyeimba, kuongea na kushiriki kutunga nyimbo za Lady and the Tramp ya mwaka 1955, alikwenda mahakamani mwaka 1988. Mkataba wake wa mwaka 1952 ulikuwa na kifungu kinachoizuia kampuni kuuza nakala kwa umma bila ridhaa yake. Akapewa dola milioni 2.3. Mary Costa naye alishtaki mwaka 1989 kuhusu kanda za Sleeping Beauty, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1991. Miaka minane baadaye bamba la Costa likabandikwa.

Sisemi bamba lilitokana na kesi. Nasema tu kwamba mtu akitazama tarehe hizi pamoja, anaona kampuni iliyojifunza, katika muongo mmoja, kwamba watu hawa wapo.

Costa hakuhitaji bamba ili ajulikane, na hilo nililipenda. Mzaliwa huyu wa Knoxville, Tennessee, aliendelea na opera, akaimba Violetta katika La Traviata Metropolitan Opera mwaka 1964, na kabla ya hapo aliombwa kuimba Los Angeles katika ibada ya kumkumbuka Rais Kennedy. Ngano ilikuwa kituo cha njiani kwake. Kwa Caselotti ilikuwa kituo cha mwisho.

Amsterdam

Hapa nilipita kwa sababu ya Snow White, nikatoka na habari ya malkia.

Mwaka 1938 Snow White iliingizwa sauti za Kijerumani, lakini si Ujerumani. Kazi ilifanyika Amsterdam, na wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa waigizaji wa Kiyahudi waliokimbia utawala wa Hitler. Kurt Gerron, aliyekuwa jina kubwa Berlin, ndiye aliyewaongoza. Sauti ya malkia mwovu ilikuwa ya Dora Gerson, mwimbaji wa kabareti. Wanazi walipoiteka Uholanzi, wote wawili walinaswa. Gerson aliuawa Auschwitz mwaka 1943 pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Gerron aliuawa hukohuko mwaka 1944. Ujerumani yenyewe, watu wa kawaida hawakuiona filamu hiyo kwenye sinema hadi mwaka 1950.

Mtaa wa Weesperstraat kuna ukuta wa matofali uliofunguliwa Septemba 2021, wenye majina zaidi ya 102,000 ya watu waliochukuliwa Uholanzi na kuuawa, kila mtu na tofali lake, tarehe yake ya kuzaliwa na umri aliofia. Majina yamepangwa kwa alfabeti. Hakuna kazi za watu, wala vyeo vyao. Mshonaji, dobi, mwimbaji, wote sawa. Baada ya Burbank, ambako kila bamba linaeleza huyu alifanya nini kwa ajili ya kampuni, ukuta huu ulinifanya nifunge daftari kwa siku nzima.

Tokyo

Japani mambo yamegeuzwa juu chini. Mwigizaji wa sauti, seiyū kama wanavyomwita, ana shule zake, majarida yake, mashabiki wanaojaza kumbi za muziki kumwona, na tangu mwaka 2007 ana tuzo zake za kila mwaka. Akihabara niliona mabango ambayo sura ni ya katuni na jina la seiyū limeandikwa wazi chini yake. Dukani kijana alinionesha picha za kutia saini, akanieleza nani amewahi kuwa nani, harakaharaka, kama mtu wa Simba au Yanga anavyokutajia kikosi cha mwaka fulani.

Hata namna ya kurekodi ni nyingine. Marekani mtu kwa kawaida hurekodi peke yake kwenye chumba kisichopitisha sauti, na mwenzake anayejibizana naye huenda alirekodi mwezi uliopita. O'Hara na Robby Benson, aliyekuwa Beast, walirekodi pamoja, na hadi leo jambo hilo husimuliwa kama maajabu. Japani ni kawaida kundi zima kusimama chumba kimoja mbele ya skrini, maikrofoni chache, kila mtu na kitabu chake mkononi. Zamu yako ikikaribia unasogea, unasema, unarudi nyuma, na karatasi isitoe mlio. Kumpisha mwenzio kwenye maikrofoni ni sehemu ya ufundi wenyewe, na mgeni asiyejua kupisha huonekana mara moja.

Nilikwenda Mitaka kwenye jumba la makumbusho la Studio Ghibli, tiketi ikiwa imeshakatwa tangu nyumbani maana mlangoni haziuzwi. Nilimfuata binti mfalme mmoja tu, Kaguya. Ngano yake ni ya kale, ya karne ya 10 hivi: mzee mkata mianzi anamkuta mtoto mdogo kama kidole ndani ya mwanzi unaong'aa. Isao Takahata aliifanyia filamu ikatoka Novemba 2013, baada ya kazi ya miaka minane. Alitaka sauti zirekodiwe kwanza na michoro ifuate, jambo la kawaida Hollywood lakini si Japani, ambako mara nyingi sauti huingizwa mwishoni. Kwa hiyo Aki Asakura, aliyekuwa Kaguya, alikohoa, akacheka na kulia bila picha yoyote ya kumwongoza, halafu wachoraji wakamfuata. Takeo Chii, sauti ya mzee mkata mianzi, alifariki mwaka 2012, filamu haijaisha. Sauti yake ilikuwa imeshahifadhiwa, na mwigizaji mwingine akajaza machache yaliyokosekana. Mzee yule kwenye skrini anachorwa akihema pumzi za mtu ambaye hayupo tena.

Lakini kuna mkunjo. Asakura si seiyū. Ni mwigizaji wa filamu na televisheni. Ghibli ina desturi ya kuwapita seiyū na kuwachukua waigizaji wa kawaida, kwa kutaka sauti isiyo na mazoea ya studio. Hayao Miyazaki alifika mahali akampa mwongozaji mwenzake, Hideaki Anno, nafasi ya shujaa mkuu katika The Wind Rises, filamu ya mwaka huohuo. Kwa hiyo katika nchi inayowatukuza wenye sauti kuliko zote nilizopita, binti wa ngano yao kongwe alipewa mtu wa nje ya chama. Vivyo hivyo Frozen, ambayo chimbuko lake ni ngano ya Andersen: Elsa wa Kijapani ni Takako Matsu, mtu wa filamu na jukwaa, na Anna alikuwa Sayaka Kanda, aliyefariki Desemba 2021. Filamu ile iliingiza zaidi ya yeni bilioni 25 Japani, na nyimbo zake ziliimbwa hadi na madereva.

Matsu ndiye aliyenirudisha kimawazo Hollywood. Februari 2020, kwenye sherehe za Oscar, Idina Menzel alipanda jukwaani kuimba wimbo wa Frozen ya pili, na nyuma yake wakatokea kina Elsa tisa wa nchi mbalimbali, kila mmoja akaimba kipande kwa lugha yake: Kidenmaki, Kijerumani, Kijapani, Kihispania cha pande mbili za bahari, Kinorwe, Kipolandi, Kirusi na Kithai. Ukumbi wenyewe, Dolby Theatre, uko kwenye barabara ileile yenye nyota ya Snow White. Kati ya zile lugha hakukuwa na hata moja ya Afrika. Kila aliyeimba alipata sekunde chache, lakini zilikuwa sekunde zenye uso na jina, na siwezi kuzibeza.

Sisi tuna historia yetu ya sauti, ya aina nyingine. Deborah Mwenda wa kipindi cha Mama na Mwana, Redio Tanzania, alilea nchi nzima kwa hadithi, na wengi waliolala wakimsikiliza wasingemtambua wakipishana naye Kariakoo. Kisha kwenye vibanda vya video akaja Lufufu na wenzake, mtu mmoja akitafsiri filamu nzima ya kigeni kwa kinywa chake: mfalme, malkia, askari, farasi. Wateja walikuwa wakiulizia filamu kwa jina la mtafsiri. Pale kibandani mwenye sauti alikuwa na jina kuliko mwenye sura, ingawa mwenye filamu yake hakuona hata senti. Nilijaribu kumweleza jambo hili kijana wa Akihabara kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Alichoelewa ni kwamba mtu mmoja aliigiza wote. Akapiga makofi.

Paris

Nilifikia kwa dada mmoja wa kwetu aliyeolewa huko. Wanawe wawili huniita mjomba na huongea Kiswahili cha kuamriwa na mama yao. Mwisho wa mwaka walinipeleka Le Grand Rex, sinema ya tangu mwaka 1932, ambako filamu ya Disney ya msimu hutanguliwa na maonyesho ya maji yanayoruka kwa taa za rangi. Foleni ilikuwa ya familia tupu. Niliuliza kama kuna onyesho la Kiingereza. Mkubwa akanitazama kwa huruma. "Mjomba, ile siyo yenyewe."

Yenyewe, kwake, ni ya Kifaransa. Na anajua tofauti. Alinieleza bila kuulizwa kwamba Elsa wa filamu ya kwanza na Elsa wa filamu ya pili siyo mtu mmoja, na ni kweli: wa kwanza ni Anaïs Delva, wa pili ni Charlotte Hervieux. Yeye na mdogo wake wamegawanyika, kila mmoja na wake.

Ufaransa ufundi wa kuingiza sauti umejengwa kwenye utepe wa maandishi unaopita chini ya picha. Maneno yameandikwa kwa kuvutwa au kubanwa kulingana na midomo ya mhusika. Neno likifika kwenye alama, mwigizaji anatamka. Anayeutazama kwa mara ya kwanza hudhani ni rahisi. Niliruhusiwa kukaa nyuma ya fundi mitambo kwenye studio moja, nikaona mwanamke wa makamo akirudia kucheka mara kadhaa kwa sababu kicheko chake kilifunga mdomo mapema kuliko binti wa kwenye skrini.

Lakini habari ya Paris ni Lucie Dolène. Snow White wa Kifaransa ametiwa sauti zaidi ya mara moja. Ile ya mwaka 1938 ilibadilishwa mwaka 1962, na Dolène ndiye aliyekuwa Snow White wa toleo hilo la pili, akiongea na kuimba mwenyewe. Vizazi viwili vya watoto wa Kifaransa walimjua Snow White kwa sauti yake. Alikuwa pia birika la chai katika Beauty and the Beast ya mwaka 1991. Kanda za video zilipouzwa, yeye naye alidai haki yake. Alikuwa na kitu ambacho Caselotti hakuwa nacho: sheria ya Julai 1985, inayomtambua mwigizaji kama mwenye haki juu ya kazi aliyoifanya, hata baada ya kulipwa ujira wa siku. Wenzake wa fani nao waligoma mwaka 1994 kudai malipo ya kazi zao zinaporudiwa kuoneshwa. Dolène alishinda kesi.

Mwaka 2001 Snow White ilitoka kwenye DVD ikiwa na sauti mpya za Kifaransa. Valérie Siclay anaongea, Rachel Pignot anaimba. Birika la chai nalo likapata sauti nyingine. Watu wa fani niliozungumza nao Paris hawaoni kwamba ilitokea kwa bahati tu. Mtu akitaka kumsikia Snow White wa Dolène leo, inabidi atafute kanda za zamani kwenye masoko ya mitumba. Nilimkuta muuzaji mmoja Saint-Ouen anazo, na anajua kwa nini zinaulizwa.

Hapa ndipo hesabu yangu ya Burbank ilipopata upande wake wa pili. Marekani, Caselotti alishindwa kesi, sauti yake ikabaki kwenye filamu, na bamba akapata akiwa bibi wa miaka 78. Ufaransa, Dolène alishinda, akalipwa, na sauti ikaondolewa. Alifariki mwaka 2020. Nimewauliza watu kadhaa wangechagua lipi kati ya hayo mawili. Waimbaji wengi walisema sauti ibaki. Wenye kodi ya nyumba walisema pesa. Mimi nasimama na Dolène, kwa sababu ya walionufaika baada yake: kila anayeingia studio Paris leo anasaini karatasi iliyoandikwa kwa kuzijua kesi kama yake.

Mwanamke yule wa kicheko alikubali tunywe kahawa. Hataki jina lake litajwe. Hakuwa na hamu na mambo ya Dolène. Akili yake iko kwenye mashine. Januari 2024 wenzake walianzisha kampeni ya kudai kwamba sauti zao zisitumike kufundishia programu za akili bandia bila ruhusa, na kampeni hiyo imepita mikono ya watu wengi sana kwenye mitandao. Peggy Lee, nikamwambia, aliokolewa na kifungu cha mwaka 1952 kilichoandikwa kabla ya kanda za video kuwepo. Akafungua mkoba akatoa mkataba wake wa karibuni. Pembeni mwa ukurasa wa tatu ameandika kwa kalamu yake sentensi moja ya kukataza sauti yake kuigwa na mashine, na mwajiri ameweka saini ndogo kando yake. Ameshapoteza kazi moja kwa sababu ya sentensi hiyo, alisema, na nyingine tatu zimempita bila maelezo.

Kisha akaniuliza kwetu wanaoingiza sauti kwenye katuni za watoto husaini nini. Nikamjibu kwamba wengi ninaowajua husaini karatasi ya posho: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Akataka kujua upande wa nyuma kumeandikwa nini. Hakuna kitu, nikasema, ni karatasi tupu. Akaomba nimtumie nakala moja, kwa sababu chama chao kinakusanya mikataba ya nchi mbalimbali na hawajapata yoyote kutoka Afrika Mashariki. Nimeshamwandikia rafiki yangu wa Mikocheni anitafutie.